Biriani ao kuku ya masala

Jumamosi, katika duka la viungo mjini, mume na mke walituzibia njia, sisi wa foleni nzima. Jioni walitaka kupika chakula cha Kihindi nyumbani, ila hawakukubaliana kipi.

“Biriani!” mume alisema, akigonga kaunta kwa kidole.

“Kuku ya masala!” mke akajibu, akisukuma pakiti yake mbele.

Mwishowe wakamgeukia muuzaji, mama wa Kihindi. “Mama, weye njo unajua. Gani iko muzuri?”

Akashusha pumzi. “Miye nilizaliwa hapa Lubumbashi. Ku nyumba tunakulaka bukari na sombe.” Yaani ugali na kisamvu, kama sisi sote.

Wakamtazama kwa huruma. Kisha, kwa sauti moja, wakaanza kumfundisha biriani, tangu kuosha mchele.

Ndoa ilipona palepale. Gharama tulilipa sisi tuliosimama foleni, kwa miguu.