Nne Nne Katika Mkutano wa Kijiji

Miaka ya Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana huko juu milimani, ng'ambo ya Lukozi. Mikutano ya kijiji ilianza asubuhi na kwisha pale tu mwenyekiti alipokaukiwa na mate. Alikuwa mtu mwema, ila maneno yakishamshika hayamwachii. Walimu tulitakiwa kukaa mbele ili wananchi watuige tunavyosikiliza.

Aliyeniokoa ni mwenzangu, mwalimu wa hesabu. Alinifundisha mchezo wa nne nne. Unazitumia 4, 4, 4 na 4, bila kuongeza wala kupunguza hata moja, ila ruhusa kuzibandika mbili ziwe 44. Unajumlisha, unatoa, unazidisha au unagawanya mpaka upate moja, halafu mbili, halafu tatu, uendelee hivyo. Tulikuwa tukichora kwa kijiti kwenye udongo, katikati ya miguu yetu.

Siku moja mwenyekiti alikuwa akieleza kwa nini shamba la ujamaa limejaa magugu ilhali maharage ya kila mtu nyumbani kwake yamestawi. Sisi tulishapita kumi, na kumi na moja ilikuwa imetugomea kabisa. Mara kimya. Kuinua macho, mwenyekiti huyo, kasimama mbele yetu.

"Ndugu walimu, mnaandika nini?"

Mwenzangu akaonyesha mstari wa kwanza. "Arobaini na nne ukiigawanya kwa arobaini na nne, ndugu mwenyekiti, unapata moja."

Nikajua tumekwisha. Mwenyekiti akautazama ule udongo, uso ukamchanua, akawageukia watu.

"Mmesikia? Hata hesabu inasema! Tukiwa wengi, tukagawana kazi, tunakuwa kitu kimoja! Hawa ndio wasomi tunaowataka!"

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanyaje?

Ndipo akanyanyuka bibi mmoja, jirani yetu pale shuleni. "Nimekuelewa, mwanangu," akamwambia mwenyekiti. "Tumekuwa mmoja. Sasa huyo mmoja ni nani? Maana kila nikienda shambani namkuta ni mimi."

Watu walicheka mpaka wengine wakalala kwenye majani. Mwenyekiti naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha akafunga mkutano. Lakini kabla ya kuufunga alituteua sisi wawili tuingie kamati ya kilimo, kwa heshima ya elimu yetu.

Kumi na moja mwenzangu aliipata njiani tukirudi, kwa kuingiza vipeuo vya pili. Mimi mpaka leo nasema huo ni udanganyifu.

Wanakamati walipaswa kuwa mfano, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tulipanda mlima na majembe mabegani, ukungu bado haujainuka. Shambani tulimkuta bibi peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Ndiyo mmekuja?"

Akatutazama, akayatazama majembe yetu mapya. Akatuonyesha mahali alipofikia, akajitwisha kikapu chake, akateremka kwenda kupalilia maharage ya nyumbani kwake.