Bibi wa Wambaa na Neno “Agree”

Juzi, nikingoja zamu yangu katika ofisi moja pale Madungu, nilimsikia karani akimsomea bibi mmoja wa kijiji cha Wambaa mkataba wa kuuza shamba la mikarafuu walilorithi yeye na kaka yake. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Karani akaweka kidole juu ya neno “agree”.

“Hapa, Bi Mkubwa, panasema umekubali.”

“Nimekubali lini?”

Kaka yake, aliyeketi kando yake, akajikohoza. “Si tulikuuliza, dada, ukanyamaza? Na kwetu mwanamke akinyamaza karidhia.”

Bibi akavuta buibui lake, akaketi sawasawa. “Huyo ni mwari anayeulizwa mume, anaona haya. Mie nina wajukuu, naulizwa mikarafuu! Nione haya ya nini? Nilinyamaza nikifikiri. Sasa nimemaliza kufikiri: siuzi.”

Karani akaukunja mkataba polepole.

Simlaumu kaka. Desturi aliyoishika ni ya kweli, ila aliipeleka isikoalikwa. Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi. Inasema kitenzi kile maana yake ni kukubali, kuafiki, kuridhia. Haisemi kwa kinywa cha nani. Hilo lilimngoja bibi wa Wambaa alijibu mwenyewe.