Rangi Mbili ya Bibi

Juzi uwanjani Butiama, msichana wa timu yangu alinijia akichechemea, akanyoosha kiganja. "Mwalimu, unayo rangi mbili?" Nilimkalisha chini, nikamuuliza amekula nini, amemeza dawa gani tangu asubuhi, na nani kampa. Wenzake wakacheka, huniita polisi wa vidonge. Wacha wacheke, hawajui nilikotoka.

Bukima ya utoto wangu ilinuka dagaa walioanikwa, na ndani kwetu palikuwa na kopo la dawa la bibi. Kapsuli yoyote yenye rangi huku na rangi kule, kijiji kizima tuliiita rangi mbili. Ukijikata na jembe, bibi aliifungua akanyunyiza unga wake kwenye kidonda. Ukikohoa, unameza. Watu walimfuata hata kutoka Mugango. Kusoma hakujua, ila mkono wake uliaminika kuliko zahanati.

Mwaka ule nilichaguliwa kukimbia mita elfu moja na mia tano kwenye mashindano ya shule, Musoma mjini. Siku nne kabla, kifundo cha mguu kikavimba. Mwalimu wa michezo akanifungia vidonge vya maumivu kwenye karatasi, kutwa mara mbili. Nikavificha, maana bibi angejua nimeumia angenizuia safari.

Bibi lakini hafichwi kitu. Aliona ninavyokanyaga, akaenda duka la dawa kuomba rangi mbili, akapewa kapsuli za rangi mbili kweli.

"Meza, mjukuu wangu. Hizi nawapaga watu wote, hakuna aliyelalamikaga."

Kumbe hata hakunizuia. Nami nilikwisha kuficha, nikaona aibu kusema. Tena kwa akili zangu za kitoto, dawa mbili zingeponya mara mbili. Siku nne nikameza zake na za mwalimu.

Asubuhi ya mbio mwalimu alitukataza kula. "Tumbo zito halikimbii," alisema, huku chapati zikinukia ng'ambo ya barabara. Nikameza dawa zote kwa maji matupu. Mguu haukuuma hata kidogo. Mzunguko wa tatu tumbo likawaka moto, nikapiga magoti na kutapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Niliogopa sana. Nilijua ninakufa.

Hospitali, bibi alipofika kutoka kijijini, daktari alizigeuza kapsuli zake mkononi. Hazikuwa za vidonda wala kikohozi, bali dawa kali ya maumivu.

"Umemeza nini kingine? Sema, binti. Nataka nijue kabla sijakupa dawa nyingine."

Nikamtazama bibi.

"Ni mimi, daktari," bibi akasema. "Ni hizi zangu tu. Mtoto alikuwaga mzima kabisa."

Alipotoka kuchota maji ndipo nilipomwambia daktari, kwa kunong'ona. Akashusha pumzi. Vidonge vya mwalimu na kapsuli za bibi ni ukoo mmoja, akasema. Pamoja, tena bila chakula, vimelichubua tumbo mpaka likavuja damu.

Nilipona. Bibi aliporudi nyumbani alitupa kopo chooni. Mtu akija na kidonda, alimwonyesha njia ya zahanati na kuingia ndani. Taratibu watu wakaacha kuja, ua wetu ukawa kimya. Siku hizi hakuna hata anayekumbuka kwamba waliwahi kumfuata.

Miaka kumi na moja aliyoishi baada ya hapo ilinitosha kumwambia tulikosea watatu: yeye, mwalimu na mimi. Nilimzika hajui.