Gugu la Maziwa Kwenye Jaruba la Mama Mkwe

Kazi yangu ni kukausha mimea. Naibana katikati ya magazeti, naibandika kwenye karatasi ngumu, naandika ilikotoka, kisha inalala kabatini. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani najibu "ofisini", yaishe.

Kwenye kabati hilo tulikuwa na karatasi moja tu ya gugu la maziwa kutoka mbuga za huku kwetu Mpanda. Linaota majini, na ukilikata linatoa utomvu mweupe. Aliyelichuma alishafariki zamani, na baada yake hakuna aliyeleta jingine. Wenzangu walikwisha sema limetoweka. Mimi mwaka jana nikaliona Mwamkulu, kwenye jaruba la mpunga la mama mkwe wangu, mashina machache yamejibanza pembeni. Hayakuwa na maua. Bila maua wataalamu hawakubali ng'o, watakwambia huo ni mmea mwingine. Basi nikapanga kurudi msimu wa maua, nichume shina moja, mengine niyaache yazae mbegu.

Sasa, kwetu mwanaume hapigi soga na mama mkwe. Unamwamkia kwa mbali umechuchumaa, macho chini, na kama una shida inapitia kwa mke. Nikamwomba mke wangu amwambie mama yake kwamba nakuja kufuata yale magugu ya maziwa. Akampigia simu.

"Ya nini?" mama akauliza.

"Ndiyo kazi yake, mama. Wanayatunza."

"Haya. Mwambie asihangaike."

Hapo ningeshtuka, lakini wapi! Nilifurahi.

Nilifika asubuhi kwa bodaboda. Uani kulikuwa na mzigo mkubwa wa majani, umefungwa kwa kamba ya gome. Jana yake mama mkwe na kina mama wenzake wa jumuiya walikuwa wameingia majini na majembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Magugu yako yale pale. Tumeng'oa mpaka mizizi, na matope tumekuoshea."

Nilitaka kulia. Hasira nazo nilikuwa nazo, ila sikuwa na wa kumkasirikia. Nikaomba niende shambani, nikazunguka kingo zote za majaruba, nikavua viatu nikaingia kwenye maji. Halikubaki hata shina. Kina mama wale kwa palizi, uongo dhambi, hawana mpinzani.

Niliporudi nikapekua mzigo. Chini kabisa nikakuta shina moja ambalo maua yake hayajanyauka, nikalibana kwenye magazeti palepale. Ndilo lililoko kabatini sasa, limethibitishwa, tena limekauka vizuri kuliko lile la zamani. Ofisini walinipongeza sana.

Lakini siku ile pale uani ningemwambiaje mama mkwe kwamba amelimaliza? Kwa mdomo upi? Nikanyanyua mzigo wote kwa mikono miwili, nikainama, nikashukuru. Alipoona nimeupokea kwa heshima hivyo akafurahi waziwazi, akasema huku anatazama pembeni:

"Na mwakani, baba, usiwe na wasiwasi. Likichipua hata moja, nitakung'olea."

"Asante sana, mama," nikasema.