Picha zangu za Kona ya Tangi ndizo zilimnyima mama yangu kibanda

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, napita. Leo naandika kwa sababu nina uchungu, na nikitafuta wa kulaumu najikuta narudi kwangu mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Hata pale ninapoonekana mjinga nitaacha vile palikuwa.

Someni mpaka chini tafadhali. Nina ombi, na lina deadline.

Mimi ni mtu wa Meru town. Mchana nauza dawa za mifugo kwenye agrovet. Asubuhi kabla ya kufungua duka napiga picha za mji. Si za harusi wala graduation. Za mji wenyewe na mwanga wake.

Spot yangu kubwa ni Kona ya Tangi. Kwa wale si wa huku, ni tangi la maji la zamani, la chuma, limesimama juu ya nguzo za mawe pale barabara ya soko inapopinda. Halijakuwa na maji tangu nikiwa mtoto. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likitokea upande wa Tigania, ile kutu yote inageuka rangi ya chungwa, na nyuma yake unaona Mlima Kenya mpaka kile kibarafu kilichobaki.

Ni dakika kumi tu. Mlima wetu una maringo, saa tatu ikifika umeshajifunika. Mwezi wa saba unaweza kumaliza wiki mbili hujauona.

Hizo dakika kumi nimezifuata miaka sita. Oktoba jacaranda zikimwaga maua, niko hapo. Mvua ikinyesha usiku na lami iking'aa asubuhi, niko hapo. Watu wa huku walio Nairobi na majuu wananiandikia kwa page yangu, eti nimewatoa machozi, wamekumbuka nyumbani. Nilikuwa navimba kichwa, siwadanganyi.

Sasa nije kwa mama.

Mama alikuwa anauza uji na nduma za kuchemsha chini ya hilo tangi. Alianza baba alipofariki, akashuka kutoka Githongo na sisi watoto watatu. Hiyo ni miaka kumi na tisa. Saa kumi na moja asubuhi jiko lake limewaka, anangoja kina mama wa ndizi na vijana wa kupakua kabeji. Mimi nimesomeshwa na huo uji mpaka college.

Vitu vyake ni vichache. Benchi moja ya mbao, jiko, thermos tatu, na mwavuli mkubwa wa manjano.

Nadhani mshaona shida iko wapi.

Huo mwavuli ulikuwa unakaa katikati kabisa ya picha yangu. Manjano ya plastiki mbele ya chungwa ya kutu, ikaniudhi sana. Kwa hivyo kila asubuhi ya mwanga mzuri nilikuwa nasema, "Mama, dakika mbili tu."

Na mama anafunga mwavuli. Anaambia wateja wasimame, anavuta benchi kando, anabeba thermos, halafu anakuja kusimama nyuma yangu na mwavuli mkononi kama mtu anayengoja gari. Jiko halingeweza kubebwa likiwa na moto, kwa hivyo hilo na moshi wake nilikuwa nafuta baadaye kwa laptop. Niliita hiyo kazi clean frame.

Siku moja kijana wa kabeji alichoka na kusimamishwa, akasema, "Mama Mwenda, huyu wako anapiga picha ama anatufukuza?"

Mama akacheka. "Wacha afanye kazi yake. Uji haiendi mahali."

Basi ile ofisi ya mambo ya soko, ambayo sitaitaja, ilipohamia jengo jipya, walitafuta picha za mji za kuweka ukutani. Niliwapa ya Kona ya Tangi, kubwa, kwenye frame, bure, jina langu chini. Mama alikuja kuiona amevaa nguo zake za kanisani. Alipangusa kioo na kitambaa chake ingawa hakikuwa na vumbi.

Mwaka huu wakaja na mpango wa vibanda vya kisasa pale pale kwenye kona. Mabati mapya, stima, kila kitu. Sheria ilikuwa nzuri kwa kusikia: waliokuwa hapo zamani wapewe kwanza. Wengine wabaki nje na wasionekane tena kwenye hiyo barabara.

Ila uthibitishe ulikuwa hapo. Tiketi za kila siku za soko nani huweka? Mama alikuwa anawashia nazo jiko. Mashahidi walikataliwa, kwa sababu kila mtu alileta binamu yake aape. Wakasema leteni picha, mtu akiwa kwa biashara yake pale kwenye kona.

Nilicheka wakuu. Picha! Nilimwambia mama atulie, hiyo ni kazi ya dakika tano.

Jumapili baada ya ibada nikafungua laptop. Za ile kona nina zaidi ya elfu nne. Nikaanza na mwaka wa kwanza, nikashuka. Tangi, mlima, maua, lami inang'aa. Tangi, ukungu. Tangi, mlima. Mji mzuri usio na mtu.

Mama yangu hayuko hata kwa moja. Kuna moja ina mguu wa benchi.

Ninazo zake akiwa kanisani, akiwa harusi ya dada yangu, akiwa shambani Githongo. Akiwa kazini, hakuna. Simu yake ni kabambe, ile ya kubonyeza, haina camera. Niliuliza wateja wake mmoja mmoja. Mwingine simu iliibiwa, mwingine akaniuliza mimi, "Si wewe ndiye mtu wa camera?"

Tulienda ofisini hivyo hivyo. Aliyetuhudumia ni msichana mpole, nisimsingizie, alimpa mama kiti. Nikaeleza. Nikataja miaka kumi na tisa. Akaniangalia, akaangalia ukutani nyuma yetu, akauliza kama hiyo picha ni yangu.

Nikasema ni yangu.

"Basi nionyeshe mama ako wapi hapo. Hii si ndio kona yenyewe, saa ya uji?"

Mama ndiye aligeuka akaitazama vizuri, halafu akajibu kwa heshima zote, kama mtu anayemsaidia mgeni kupata njia.

"Hapo niko nyuma yake. Nimemshikia mwavuli."

Yule msichana aliangalia fomu iliyokuwa mbele yake. Akasema, "Pole mama. Nyuma ya camera siwezi kuandika."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Kibanda kilichoangalia tangi amepewa jamaa wa kuuza cover za simu, aliyekuja hapo mwaka jana. Yeye alikuwa na selfie nyingi. Nilimwomba anionyeshe zote labda mama ako nyuma, na alikubali bila maneno, lakini kwa kila moja uso wake umejaa mpaka masikio.

Najua kuna mtu atasema ofisi ndiyo mbaya. Ni kweli, na sijawasamehe. Mtu amepika uji mahali miaka kumi na tisa, nusu ya ofisi wenyewe wamekunywa, halafu eti hajulikani. Lakini ile picha ukutani hawakupiga wao.

Siku hizi mama anazunguka na thermos mbili kwa kiondo. Goti lake la kulia ni baya. Askari wa soko wakitokea inabidi atembee haraka, na hawezi. Hajawahi kunilaumu hata mara moja, na afadhali angenilaumu.

Wiki iliyopita nilienda kwake saa kumi na mbili unusu asubuhi. Alikuwa amekaa mlangoni kwa kigoda, anamenya nduma, jua limempiga upande mmoja wa uso. Nikatoa camera. Nikasema sasa hii nitapiga, hata kama imechelewa.

Aliiona tu, akainuka. Akashika kigoda, akajisogeza kando na goti lake hilo, akaniambia, "Ngoja mwana wakwa, nikuondokee."

Sikupiga. Nilikaa chini hapo mlangoni nikalia, na yeye akadhani nimefutwa kazi.

Nilichojifunza ni kidogo na nimejifunza vibaya: mwanga utarudi kesho, hata tangi litakuwa hapo. Mtu unayemwambia asogee ndiye hutampata tena. Kama unapiga picha za mji wako, acha mwavuli ukae.

Sasa ombi. Ofisi imeruhusu rufaa, na inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kama umewahi kupita Kona ya Tangi asubuhi yoyote, miaka yoyote, ukajipiga selfie, ukapiga gari yako, mtoto wako, mvua, chochote, tafadhali fungua hiyo gallery uangalie nyuma yako. Unatafuta kitu cha manjano. Hata kama ni blurry, iweke hapa chini.

Kwangu mimi hayuko. Labda kwako yuko.