Samaki Aliyesingiziwa Kula Watoto Wake

Mtaalamu wa kutufundisha kuzamia alifika Kigoma kwa ndege. Mimi nilifika kwa treni kutoka Tabora, miguu imevimba. Nafundisha biolojia katika sekondari moja upande wa Isikizya, na nilikuwa nimechaguliwa pamoja na walimu wengine kwenda kujifunza kuzamia na kutambua samaki wa Ziwa Tanganyika. Siku tatu za kwanza alitufundisha kupumua kwa mtungi kwenye maji ya kifuani. Kuzamia alijua, simnyimi haki yake. Samaki ndio hakuwajua.

Siku ya nne ilikuwa zamu yangu kutoka naye kwa mashua ya tanga. Nahodha alikuwa mzee wa Ujiji, mvuvi tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae."

Mtaalamu alimtupia begi lake bila salamu, akaenda kukaa kivulini.

Tanga liliposhika upepo alinipa kadi ya plastiki yenye picha. "Ukiona samaki, tafuta picha yake, weka tiki. Nyinyi wa Tabora mmezoea asali na tumbaku, lakini hii hata mtoto anaiweza."

Niliitazama ile kadi. Ilikuwa na pweza. Ilikuwa na papa pia.

"Hii si ya baharini?" nikauliza.

"Samaki ni samaki, mwalimu."

Babu zetu Wanyamwezi walitembea na mizigo kichwani mpaka Ujiji, na nina hakika hakuna hata mmoja aliyefika pale akadhani ameona bahari. Huyu alikuwa na shahada mbili.

Tulitia nanga penye miamba, tukazamia. Maji yalikuwa safi hata nikaona kivuli cha mashua juu ya mchanga. Karibu na jiwe moja alikuwapo samaki wa kijivu mwenye madoadoa, na mbele yake kundi la vitoto vidogo kama punje za ulezi. Tulipomkaribia alifungua mdomo, vitoto vikaingia vyote, akaufunga. Mtaalamu alinigusa bega, akaonyesha koo lake kwa kidole kuashiria kumeza.

Tulipopanda alianza kuzungumza kabla sijavua miwani. "Umeona? Anakula watoto wake mwenyewe. Hii nitaiweka kwenye ripoti."

Nahodha alikuwa anakunja kamba. "Hawali, bwana. Anawaficha. Hatari ikipita anawatema."

"Mzee, wewe shughulika na tanga."

Nahodha akashughulika na tanga. Mimi ndiye niliyeona aibu, na aibu ile ikageuka hasira. Nikamwambia mtaalamu kwamba hewa bado ipo mitungini na ningependa turudi palepale. Alikubali, nadhani kwa sababu alikuwa hajajipiga picha za kutosha.

Mara hii nililala juu ya mchanga, mbali kidogo na jiwe, nikatulia. Nilihesabu pumzi zangu. Yule samaki alizunguka, akanitazama kwa jicho moja, kisha akafungua mdomo na vitoto vikatoka, kimoja kimoja, vikiwa hai na vyenye haraka ya kula. Nikamvuta mtaalamu mkono, nikamwonyesha. Alitazama. Aliona, najua aliona, maana alivifuata vile vitoto kwa kidole. Halafu akageuza kamera, akajipiga picha.

Jioni alinipa fomu nitie sahihi: aina arobaini za samaki, zote zina tiki, pweza akiwamo.

"Tumeona aina tisa," nikasema.

"Mwalimu, hizi ni taratibu tu."

Nilizifuta zile nyingine, nikaandika tisa, na kando ya yule wa madoadoa nikaandika: huficha watoto mdomoni. Ndipo nikatia sahihi. Wenzangu walirudi makwao na vyeti. Mimi nilinyimwa changu, nikarudi Tabora na nusu mkungu wa ndizi alionipa nahodha.

Baada ya miezi kadhaa bango la mafunzo yale lililetwa shuleni. Chini ya picha ya samaki wangu palikuwa pameandikwa: Mla watoto wake. Nilichukua kalamu nene, nikakata maneno yale, nikaandika ya kweli, nikalibandika darasani.

Mkuu wa shule alipita, akasimama mbele ya lile bango. "Nani ameharibu bango la wataalamu?"

"Mimi, mkuu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kiti, akataka nimweleze tena jinsi vitoto vinavyotoka mdomoni.