Wimbo wa Msamaha Ambao Haukuwepo

Saa nane na nusu mchana ya Jumapili, mapazia meusi yanateremshwa na ukumbi unaingia giza. Kwenye kona ya mbele, mwanamume wa miaka hamsini na mbili anavuta kiti chake cha plastiki, anameza funda moja la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha anagonga kipaza sauti kwa ukucha.

"Karibuni, karibuni. Simu zizimwe. Mwenye mtoto ampakate. Mwenye kutafuna atafune pole pole, asije akanishinda sauti."

Watu wanacheka, ila si wengi. Viti ni mia na thelathini. Leo vilivyokaliwa havifiki hamsini.

Wanamwita Kinanda, na hata waliokua naye wamekwisha kulisahau jina lake la kuzaliwa. Kazi yake ni kutafsiri filamu. Watu wa kwenye picha wanasema kwa lugha yao, naye papo hapo anasema kwa Kiswahili, akibadilisha sauti kwa kila mhusika: mwizi, bibi harusi, hakimu, kichaa wa sokoni. Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa.

Inayoonyeshwa leo ni ile filamu ya nyimbo ambayo mji mzima unaiita "ile ya treni". Binti anaondoka kwa mama yake ili akawe mwimbaji. Nyimbo zimo kumi na moja. Kinanda anaitafsiri kwa mara ya mwisho, tena kwa sharti la mwenye ukumbi: wimbo ukianza, azime kipaza sauti.

Wimbo wa nne ni wa kituoni. Mama amesimama kando ya behewa, machozi yanamtiririka, anafungua kinywa. Kinanda anabonyeza kitufe. Kimya.

"Kinanda, sema!" sauti ya mwanamke inatoka viti vya nyuma.

"Akisema natoka!" mwanamume anajibu.

"Si utoke, baba! Mlango umeusahau?"

"Mwacheni mama wa watu aimbe mwenyewe! Mmeshadanganywa miezi saba, hamjashiba?"

Kinanda ameweka mikono magotini. Hatazami picha wala watu. Lakini aliye karibu naye anaona midomo yake ikicheza bila sauti, wimbo mzima, hadi treni inapoondoka.

Kuanzia kesho, ukumbi utaonyesha tu nakala mpya yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Na duka la kurekodi lililo jirani, linalosambaza filamu kwenye flashi hadi miji ya mbali, litafuta nakala zote zenye sauti yake. La kwanza linamnyima mkate. Ni hilo la pili linalomkosesha usingizi, maana katika wimbo ule mmoja alikuwa ametia ujumbe kwa mtu mmoja, na hana njia nyingine ya kumfikia.

Lugha ya "ile ya treni" Kinanda haijui. Anachofanya ni kusoma maandishi ya lugha nyingine ya kigeni, aliyoisoma shuleni miaka minne, yanayopita chini ya picha. Siku nakala ya kwanza ilipofika, aligundua kwamba kila wimbo ukianza, maandishi yanakatika.

"Mtafsiri akinyamaza, watu wanadhani umeme umekatika," anasema. "Kwa hiyo hunyamazi. Unatazama uso. Uso ukicheka unacheka nao, uso ukilia unalia nao. Wote tunafanya hivyo, muulize mtafsiri yeyote."

Nyimbo nyingine zilikuwa rahisi. Za mapenzi zinajulikana hata kwa kiziwi. Lakini uso wa yule mama wa kituoni ulimtia kigugumizi. Kisha maneno yakamtoka bila kuyatafuta.

"Nenda, mwanangu. Nilikosea kukufungia mlango. Siku dunia ikikuchosha, usipige hodi, sukuma tu uingie. Kitanda chako sijakiondoa."

Ukumbi ulilia. Wanaume walijifanya wanapenga mafua. Maonyesho manne kwa wiki yakawa saba, na malipo yake, ambayo kabla ya hapo yalitosha unga na mafuta ya taa na si zaidi, kwa mara ya kwanza yakabakiza ya kununua viatu.

Si kwamba kila mtu aliipenda filamu yenyewe. Fundi baiskeli mwenye kibanda mbele ya ukumbi aliiona mara moja na kuapa kutorudia. "Mtu anakata vitunguu, anaimba. Anafiwa, anaimba. Anafukuzwa nyumba, anaimba," anasema akijaza upepo. "Hawa watu hawana majirani? Mimi nikiimba bafuni tu napigiwa ukuta."

Huo ulikuwa ubishi wa kucheka. Ubishi wa kuumiza ulikuja wiki tatu zilizopita, pamoja na mwalimu wa lugha.

Alikuwa kijana mpole, mgeni mjini. Alisubiri watu watoke, akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeipenda?"

"Nimeipenda sana. Ila samahani, mzee wangu. Ule wimbo wa kituoni hausemi vile."

"Unasemaje?"

"Mama anasema, usirudi. Anasema kuanzia leo hana binti. Yale machozi ni ya hasira, mzee."

"Una hakika?"

"Ndiyo lugha ninayoifundisha."

Mwalimu alidhani anasema na mtu mmoja. Lakini mkata tiketi alikuwa mlangoni anafagia, na mkata tiketi huyo habari haimkai tumboni. Kabla ya Ijumaa soko zima lilikuwa linajua.

Tangu hapo ukumbi umepasuka katikati. Karani mstaafu, ambaye alikuwa hakosi Jumamosi hata moja, hasemi tena na Kinanda. "Nimelia mara tatu kwa kitu ambacho hakikuwepo," anasema. "Nani atanirudishia machozi yangu? Mtu akitia chumvi kidogo tunamsamehe. Huyu amepika chungu kizima kisha akasema ni cha mwenzake."

Upande wa pili yuko fundi cherehani, mama wa makamo aliyeiona filamu mara tisa. Anazungumza huku mguu ukiendelea kukanyaga mashine.

"Siku ya kwanza nilitoka pale nikampigia mwanangu simu. Tulikuwa hatusemezani mwaka wa pili huo. Nikamwambia, mwanangu, sukuma tu uingie. Akaja." Anasimamisha mashine. "Sasa wananiambia wimbo ni wa uongo. Haya. Na mwanangu aliyelala chumbani kwangu, naye ni wa uongo?"

Mwenye ukumbi, mjane ambaye mji wote unamwita Shangazi, alijaribu kukaa katikati. Alijaribu siku ya maandishi na siku ya Kinanda. Siku ya maandishi watu walijaa. Siku ya Kinanda walikuja wachache, wakagombana, na mwishowe viti viwili vikavunjwa.

"Mimi si hakimu," anasema. "Kinanda ni kama ndugu yangu. Lakini watu wakigombana hawarudi, na wasiporudi nafunga. Nimempa kazi ya mlangoni, akate tiketi zamu ya asubuhi. Ningefanya nini zaidi? Niambie wewe."

Kinanda hamlaumu. Hamlaumu hata mwalimu. "Kijana wa watu amesema kweli kwa adabu," anasema. "Wangapi wanaweza vyote viwili?"

Nyumbani kwake ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, ambako vumbi la mbao huingia hadi kwenye chai. Mke wake, mfuaji wa mashuka katika zahanati, anakunja nguo kitandani. Mumewe amekwenda kuteka maji, naye anazungumza kwa sauti ya chini.

"Ule wimbo si wa yule mama," anasema. "Ni wa huyu mume wangu."

Miaka sita iliyopita, binti yao wa pekee, akiwa na miaka kumi na tisa, aliacha mafunzo ya ushonaji na kusema anaolewa na mwanamume ambaye baba yake hakumtaka. Walibishana siku tatu. Siku ya nne binti alishika begi.

"Baba yake akasimama pale mlangoni. Akamwambia, ukivuka hapa usirudi, mimi sina binti. Na alisema kwa ile sauti yake nzito ya mahakimu wa kwenye filamu." Anakunja shuka lilelile kwa mara ya pili. "Mtoto alidhani baba anamtania. Alicheka kidogo, unajua. Halafu akaona hacheki mwenzake."

Simu ya binti haikupatikana tena. Wamesikia tu kwamba anaishi mji mmoja wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na kwamba ana mtoto. Mwaka jana Kinanda alifunga safari. Alizunguka siku nne akiuliza, akarudi mikono mitupu, miguu imevimba.

Ndipo ikaja "ile ya treni". Mwenye duka la kurekodi alimwambia kwamba nakala zinafika hadi mji ule.

"Yule mtoto anapenda filamu tangu ananyonya," Kinanda anasema, akitua ndoo. "Nikasema, siku moja atakaa mahali, atasikia sauti yangu. Sauti yangu hawezi kuikosea. Atajua namwambia nani."

Anakaa kwenye kigoda.

"Kisha mwalimu ananiambia yule mama alikuwa anasema usirudi. Maneno yangu yaleyale. Miezi saba nimekaa namsikiliza ananisomea kosa langu, nami nawaambia watu anaomba radhi."

Hajui kama binti aliwahi kuisikia. Huenda aliisikia na kunyamaza. Huenda ameambiwa, kama wengine wote, kwamba ule ulikuwa uongo wa mtafsiri. Hilo ndilo linalomla. Uongo mmoja ukishajulikana, anasema, na neno la kweli lililokuwa ndani yake linaondoka nao.

Mwenye duka la kurekodi amemuahidi nafasi ya dakika tano mwishoni mwa nakala mpya, baada ya majina ya waigizaji kupita. Hakumficha kitu. "Nitakuwekea, mzee. Lakini majina yakianza kupita watu wanazima. Na wakiona si filamu, wanafuta."

Kinanda alikubali. Tangu siku ile anajaribu kujirekodi kwa simu ya mke wake, mchana, mlango ukiwa umefungwa. Mara nne amefuta.

Mpango wake ulikuwa aanze na ukweli: aseme yule mama anasema nini hasa, kisha akiri kwamba naye aliyasema maneno hayohayo, na ndipo aombe radhi. Lakini kila akifika kwenye neno "usirudi" anaganda.

"Akizima hapo je?" anauliza. "Atakuwa amelisikia kwangu mara ya pili. Na nikianza na msamaha, atasema, huyu ni yule mwongo wa ile ya treni. Miaka kumi na tisa nasemea watu, leo hata pa kuanzia sipajui."

Mke wake anaweka shuka la mwisho juu ya rundo. Hamtazami.

"Anza na jina lake," anasema.

Kinanda anafungua kinywa, anakifunga. Katika vyumba hivi viwili, hajalitamka jina hilo kwa miaka sita.

Nakala mpya zitapelekwa miji ya mbali Alhamisi. Jumanne mke wake atakuwa zahanati, na karakana ya seremala itakuwa imefungwa, hakutakuwa na kelele za msumeno. Siku hiyo, anasema, atajaribu kulitamka.